Miezi Kumi na Minne ya Kimya Chenye Mafanikio

(Hotuba ya Mratibu Mkuu wa Muda, Bwana Maundu, mbele ya wanamuziki waliokusanyika katika ukumbi wa jamii mjini Voi, mwezi wa Machi. Barua ya mwaliko ilisema saa mbili asubuhi. Yeye amefika saa tano. Imenukuliwa na Sharon, karani wa mkutano, aliyeagizwa asiache hata neno moja.)

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye ametuma mwakilishi. Mwakilishi wa Mgeni wa Heshima, ambaye ametuma salamu. Dereva wa mwakilishi, ambaye ndiye aliyezileta hizo salamu na tunaye hapa mbele, karibu sana ndugu yetu, keti vizuri. Wakuu wa idara zote, wale wenye idara na wale ambao bado wanangojea kupewa. Machifu, manaibu wa machifu, wazee wa vijiji, na wanaotarajia kuwa wazee wa vijiji. Mchungaji wetu aliyetufungulia kwa maombi ya dakika arobaini, na shehe wetu ambaye kwa ajili ya hizo dakika arobaini tumemwomba atuombee kimoyomoyo. Wafanyabiashara wa Voi mliofunga maduka kuja hapa, na nyinyi ambao maduka yenu yalikuwa yamejifunga yenyewe. Mwenye ukumbi, mwenye viti, mwenye vipaza sauti. Mke wangu mpendwa, ambaye hakuweza kufika kwa kuwa hotuba hii ameshaisikia nyumbani mara tatu. Mabibi na mabwana. Na mwisho kabisa, maana ndio wengi na hawana haraka ya kwenda popote, wanamuziki wenyewe. Itifaki imezingatiwa. Kama kuna mtu nimemsahau, asimame ajitaje, nami nitamzingatia hapo hapo.

(Wanasimama wanne. Anawazingatia.)

Bwana asifiwe! (Amina.) Bwana asifiwe tena! (Amina, kidogo.) Asalaam aleikum! (Waaleikum salaam.) (Anasalimia kwa Kidawida, halafu kwa Kitaveta akisoma kwenye karatasi, halafu kwa Kikamba bila karatasi.) Hamjambo tena? Mbona sauti ni ya chini hivyo? Hebu jibuni kama watu waliokunywa chai.

(Hawakunywa chai. Chai ilikuwa ya meza kuu.)

Ndugu zangu, nisiwachoshe. Mimi ni mtu wa maneno machache, na hayo machache nimeyaandika katika kurasa thelathini na mbili. Sote tunafahamu kwamba nchi imepatwa na kile wataalamu wanaita mdororo wa uchumi, yaani uchumi umelala na ukiguswa unageukia upande wa pili. Na katika hali kama hiyo, mtu akianza kubana matumizi, hakati unga, hakati mafuta ya taa. Cha kwanza kukata ni ngoma. Zamani harusi moja hapa Voi ilikuwa na bendi, kinanda, kwaya mbili, na kikundi cha akina mama cha kumtoa bibi harusi nyumbani. Siku hizi bwana harusi anachomeka simu yake kwenye spika ya shemeji, na shemeji mwenyewe anaangalia betri. Mwanamuziki wa Taita Taveta akabaki anapata kazi siku mbili kwa mwezi, tatu akibahatika, nne mtu maarufu akifariki.

Niliyaona hayo kwa macho yangu, dirishani kwangu ofisini, na machozi yakanilengalenga, nikamwita katibu wangu aje aone. Nikajiuliza swali ambalo viongozi wengi wanaogopa kujiuliza: je, serikali haiwezi kumwajiri mwanamuziki kama inavyomwajiri mtu wa kufagia barabara? Na papo hapo, bila hata kungoja kuulizwa na mtu, nikazaa Mpango wa Dharura wa Kuwapa Kazi Wanamuziki, kwa kifupi MDAKUWA. Hebu pasheni mikono moto.

(Makofi, hasa kutoka meza kuu.)

Asanteni. Hayo makofi mnajipigia wenyewe, mimi nayapokea tu kwa niaba yenu.

Sasa, Mpango wenyewe ulikuwa na nguzo tatu, au ile tunaita three-pillar framework. Nguzo ya kwanza ilihusu Sagalla. Mnajua shida ya maji kule Sagalla; mama anaweka mtungi kwenye foleni asubuhi na jioni mtungi bado unamngoja. Wengine wangesema tupeleke maji. Hayo ni mawazo ya zamani. Sisi tulisema tupeleke muziki kwenye foleni, ili mwananchi angoje akiburudika, kwa sababu utafiti umeonyesha kwamba mtu anayecheza hahisi kiu mpaka wimbo uishe. Nguzo ya pili ilikuwa Kishushe, kwa wale wachimbaji wanaotafuta madini, wapigiwe nyimbo za kuwatia moyo huku wakitafuta, maana wametafuta sana. Na nguzo ya tatu, ambayo ndiyo fahari yangu, ilikuwa upande wa Kasigau, pale Makwasinyi, ambako tulipanga kuunda Kikosi cha Ngoma cha Kuzuia Ndovu, kwa sababu kila mkulima anajua ndovu hapendi kelele, na nani anajua kelele kuwashinda wanamuziki?

(Kicheko cha dereva wa mwakilishi. Wanamuziki hawacheki.)

Huo ni utani, ndugu zangu, tuko pamoja.

Lakini kazi nzuri haianzi kwa kufanya kazi. Inaanza kwa mchakato. Kwa hivyo tuliunda kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, kamati ndogo ikaandika hadidu za rejea, na hadidu za rejea zikapendekeza tusafiri kwenda kujifunza kutoka kwa wengine, ile tunaita benchmarking. Tulikaa siku sita katika hoteli moja ya ufuoni, tukasikiliza bendi ya hoteli asubuhi, mchana na jioni, na tukarudi na ripoti nzito yenye ugunduzi mkubwa, kwamba bendi ile ilikuwa nzuri. Kisha tukafanya baseline survey, tukawahesabu wanamuziki wote wa kaunti mmoja mmoja, isipokuwa Kishushe, ambako kwa sababu ya barabara tuliwahesabu tukiwa Voi. Tukapata wanamuziki mia mbili na kumi na wanne. Tukawaandika wote katika Daftari Kuu la Wanamuziki Wasio na Kazi. Hili hapa.

(Analiinua daftari. Ni jeusi, la kawaida, kama lile la shule.)

Na hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu yapo maneno maneno mtaani, hasa kule stendi, kwamba Kifungu cha Tisa ni cha ukatili. Kifungu cha Tisa kinasema waziwazi: mnufaika wa Mpango ni lazima awe mwanamuziki asiye na kazi. Si ndiyo? Sasa nikuulize wewe, mwenye akili timamu: mtu akionekana Jumamosi anapiga kinanda kwenye harusi, huyo hana kazi? Anayo! Amejiajiri! Na kama ameajiriwa, anatafuta nini katika daftari la wasio na kazi? Ndiyo maana tukasema kuanzia Januari mwaka jana, yeyote aliyeandikwa asipige, asiimbe, asicheze, asifundishe, asijaribu ala, mpaka kazi ya serikali ifike. Atakayekiuka anafutwa, na kikundi chake chote kinafutwa pamoja naye, ili wachungane.

Na matokeo? Takwimu hazidanganyi, nimezitunga kwa uangalifu mkubwa. Kabla ya Mpango, mwanamuziki alikuwa na kazi siku mbili kwa mwezi, kwa hivyo huwezi kujua kama ana kazi au hana, data ilikuwa chafu sana. Leo, baada ya miezi kumi na minne, wanamuziki mia mbili na kumi na wanne kati ya mia mbili na kumi na wanne hawana kazi kabisa. Hiyo ni asilimia mia! Nionyesheni kaunti nyingine yenye asilimia mia ya kitu chochote.

(Makofi ya meza kuu. Mtu nyuma anasema, "Ngai," yaani Mungu. Karani hakumwona uso.)

Sikusema ilikuwa rahisi. Tulipata changamoto. Yupo kijana wetu Ayub, mpiga kinanda hodari wa hapa Voi, yule pale karibu na mlango, asimame tumwone. Mwezi wa tano Ayub alionekana katika hoteli ya chakula mtaani Mwakingali akiwa amekaa mbele ya sahani ya maharagwe, na vidole vyake vinatembea juu ya meza. Afisa wetu wa ukaguzi akamwangalia kwa dakika saba, akaandika ripoti: mtuhumiwa anapiga meza kwa mpangilio. Tulimwita mbele ya kamati ndogo. Akajitetea kwamba vidole vilijiendea vyenyewe. Tukampa onyo la maandishi, yeye na vidole vyake. Na leo nawaambia kwa furaha kwamba Ayub amebadilika, anauza mayai ya kuchemsha pale stendi, na mayai hayajatajwa popote katika Kifungu cha Tisa. Hiyo ndiyo tunaita economic diversification.

Yupo pia Bi Mwanamina, ambaye sote tunaijua sauti yake tangu enzi za harusi za kufunga barabara. Jirani mwema alitupigia simu kwamba Bi Mwanamina anaimba nyumbani. Afisa akaenda, akapiga hodi, na kweli akamkuta anaimba. Bi Mwanamina akamjibu, na nanukuu kutoka faili: "Mjukuu wangu alikuwa akilia, nikamuimbia apate kulala. Kama hiyo ni kazi, nani kaniajiri?" Swali zuri sana. Tumelipeleka kwa kamati ya ufundi, na hadi tutakapopata jibu tumemshauri mtoto alale bila msaada.

Na wale ndugu wa Makwasinyi. Nyinyi wenyewe mlikuja kwangu mkasema ndovu wanaingia shambani jioni, wanakula pojo na mahindi, na silaha yenu tangu kwa babu ni kupiga debe. Nami nikawaambia, mbona mnajidharau? Debe ni ala! Anayepiga debe kwa ufundi mpaka ndovu anageuka, huyo ni mwanamuziki kamili! Tukawaandika wote, wakulima kumi na tisa. Sasa shida ikawa kwamba mkishaandikwa, Kifungu cha Tisa kinawahusu, kwa hivyo hamwezi tena kupiga debe mpaka Kikosi cha Ngoma kiundwe rasmi. Nasikia ndovu walikuja mwezi wa sita wakakaa siku tatu. Poleni. Lakini tazameni upande mzuri: kwa mara ya kwanza wakulima kumi na tisa wa Kasigau wanatambuliwa na daftari kuwa wasanii.

(Minong'ono. Mzee mmoja wa Makwasinyi anasema kwamba mwaka huu hana hata mbegu. Anaombwa aketi.)

Maswali ni mwisho, mzee wangu. Kila kitu na wakati wake.

(Mama mmoja wa makamo ya juu anasimama katikati ya ukumbi. Ni Mama Kalondu, wa bondeni chini ya Sagalla, kiongozi wa akina mama kumi na wawili wanaopiga kilumi, ile ngoma ya akina mama wa Kikamba. Hangojei kipaza sauti. Anasema yeye hana swali, ana ombi. Kwamba alipiga ngoma na rafiki yake Koki kwa miaka thelathini na moja, Koki akianza na yeye akimjibu. Kwamba siku ya kumzika Koki, mabinti wa marehemu walimtazama wakingoja aanze, naye akatazama chini, kwa sababu aliambiwa akipiga atafutwa na wenzake wote wafutwe, na kati yao wapo wajane ambao hiyo nafasi ya kazi ndiyo tumaini lao lililobaki. "Jumamosi hii ni mwaka," anasema. "Tunaenda kuomba pale kaburini. Naomba uniruhusu nimpigie mara moja tu, Mheshimiwa. Nikimaliza, narudi kunyamaza.")

Mama Kalondu, asante. Kaa chini mama. Hapana, usikae, simama kwanza wakuone. Mabibi na mabwana, mnamwona huyu mama? Huyu ndiye mfano wa nidhamu ninaotaka kuwaonyesha leo, na nashukuru amejileta mwenyewe, maana alikuwa ukurasa wa ishirini na moja. Afisa wetu alikuwa pale mazishini, kwa siri, na daftari lake. Akaandika hivi, nasoma: mama ameketi, mikono mapajani, kuanzia saa nne hadi saa nane, hakupiga, hakuimba, alilia tu, na kulia kwake hakukuwa na mdundo. Jameni! Mtu anamzika rafiki wa miaka thelathini na moja, ngoma iko pale kando yake, na anafuata kanuni! Hiyo si compliance tu, hiyo ni uzalendo. Tumpigie makofi.

(Hakuna makofi. Hata meza kuu.)

Ni sawa, wengine wana haya. Sasa, kuhusu ombi lako mama, mimi kama Maundu, kama mtu na moyo wake, ningekuruhusu hata sasa hivi. Lakini mimi si Maundu hapa, mimi ni ofisi. Na ofisi ina utaratibu. Utachukua fomu ya Kibali cha Muda cha Kutoa Sauti, utaijaza nakala tatu, utaambatisha picha ya ngoma, upande wa mbele na upande wa pembeni, barua ya chifu, na sahihi ya mtu anayepigiwa. Najua unataka kuuliza, anayepigiwa ni marehemu. Tumelifikiria hilo. Kwa marehemu tunakubali alama ya kidole gumba. Halafu utangoja siku tisini za kazi.

("Jumamosi imebaki siku tatu," anasema Mama Kalondu.)

Ndiyo maana tunawashauri wananchi wapange mapema. Kifo ni cha ghafla, lakini kumbukumbu ya mwaka mmoja kila mtu anaiona ikija. Keti sasa, mama yangu, umetuheshimisha.

(Anaketi. Bi Mwanamina, aliye kando yake, anamshika mkono.)

Ndugu zangu, ninaelekea ukingoni, zimebaki kurasa tisa tu, na hizi nitazipitia kwa juu juu kwa sababu nanusa pilau. Wapo watu watakaouliza, na najua ni maadui wa maendeleo, hii kazi tuliyoahidiwa itaanza lini? Nataka niwajibu bila kuzunguka mbuyu. Kazi ilishaanza. Kazi yenu ilikuwa kungoja, na mmeifanya kwa ustadi usio na kifani, kwa umoja, bila mgomo, katika tarafa zote, wazee kwa vijana, Wakristo kwa Waislamu. Mwanamuziki wa kawaida anaweza kupiga. Lakini kunyamaza miezi kumi na minne huku unajua kupiga, hicho ni kipaji ambacho dunia bado haijakiona, na mimi nitasimama popote niseme niliwaongoza. Subira huvuta heri, na heri ikivutwa sana inakuja na vumbi lake.

Sasa tuseme pamoja. Nikisema Mpango, mnasema Wetu! Mpango! (Wetu, watu sita.) Nikisema Kazi, mnasema Iko njiani! Kazi! (Iko njiani, watu wanne.) Nikisema Kimya, mnasema Ni nidhamu! Kimya!

(Kimya.)

Vizuri sana, huko nyuma mmeelewa vizuri zaidi.

Nimalizie kwa shukrani, kwa sababu mwungwana hushukuru. Namshukuru mwenye viti. Nawashukuru kamati, kamati ndogo, na mwenye ile hoteli ya ufuoni. Namshukuru afisa wa ukaguzi, ambaye leo hayuko nasi, yuko Sagalla anasikiliza. Na kwa namna ya pekee kabisa, nawashukuru wakubwa wetu kule makao makuu, ambao mara tu nilipowatumia pendekezo la Mpango huu walinijibu kwa barua yenye mhuri, tena kwa lugha ya wazi isiyo na kona, kwamba Mpango huo haujapitishwa, hautapitishwa, hakuna kazi yoyote ya mwanamuziki iliyotengwa, hakuna afisi inayoitwa ya Mratibu Mkuu wa Muda, na jina lake lisitumike. Hiyo barua imekuwa taa yangu.

(Dereva wa mwakilishi anaacha kutafuna.)

Mbona mnanitazama hivyo? Kiongozi dhaifu angepata barua kama ile akakata tamaa. Mimi niliitisha kikao. Nilijiuliza, je, kwa sababu tu Mpango haupo, wanamuziki wetu waachwe hivi hivi bila Mpango? La hasha! Na tafakarini wenyewe: mipango mingi iliyopitishwa imekwama, imeliwa, imefika mahakamani. Huu wetu, kwa kuwa haukuwahi kupitishwa, hauna doa hata moja. Ni wapi mmeona mradi wa umma ambao haujaiba hata kijiko?

(Ayub, bado yuko mlangoni, anauliza hilo daftari basi ni la nani.)

Daftari ni halali, kijana. Daftari nililinunua mimi mwenyewe, hapa hapa Voi, na risiti ninayo.

(Mama Kalondu anasimama tena. Sauti yake haijapanda. Anauliza barua ya makao makuu ilikuja lini.)

Swali la tarehe, vizuri, napenda watu wa rekodi. Ilikuja haraka sana, na hilo nalisifu. Ilikuja Februari, mwaka jana. Tarehe tisa.

("Koki tulimzika Machi," anasema Mama Kalondu.)

Ni kweli kabisa, mama, na pole sana tena. Kama ofisi tulikuwa na rambirambi tayari, lakini... Naomba tusitoke nje ya ajenda.

("Ulikuwa unajua.")

Mama, kujua ni jambo pana. Kuna kujua kama mtu, na kuna kujua kiofisi. Kiofisi barua ile ilikuwa bado iko kwenye trei ya kuingia, na kitu kikiwa kwenye trei ya kuingia, huwezi kusema kimeingia... Jameni, naomba utulivu. Naomba mwenye vipaza sauti aniongezee kidogo. Hawa wa Makwasinyi wanaenda wapi? Chakula bado. Chakula chenyewe, kwa bahati mbaya, kimepangwa kwa meza kuu, lakini kabla hatujafika huko tuna jambo moja fupi, na la furaha. Mpiga picha amefika. Ripoti yoyote nzuri inahitaji picha ya wanamuziki wakiwa kazini, na niliwaambia mje na ala zenu, na nimeziona zile ngoma za akina mama pale ukutani, zinapendeza. Kwa hivyo, kwa mamlaka niliyo nayo, na hata kwa yale ambayo nimetoka kuambiwa sina, natoa kibali cha papo hapo. Fomu hakuna, siku tisini hakuna. Akina mama wa Mama Kalondu, tutumbuizeni wimbo mmoja wa kufunga. Wageni wakae mkao wa picha.

(Hakuna anayesogea.)

Wimbo mmoja tu. Hata nusu.

(Hakuna.)

Mama Kalondu. Si ulikuwa unaomba ruhusa muda si mrefu? Hii hapa nimekupa, mbele ya watu wote. Piga basi, mama.

(Mama Kalondu anaifuata ngoma yake ukutani na kuipachika begani. Wenzake kumi na mmoja wanafanya vivyo hivyo. Mpiga picha anainua kamera. "Jumamosi nitampigia Koki," anasema. "Wewe sikupigii." Wanatoka, na ukumbi mzima unawafuata.)